Chai nyepesi ya saa kumi: tupeane uzoefu

birika_la_bluu: Jana kuna mtu kanikaribisha chai ya saa kumi, nyeusi kama lami, nikakesha macho kodo. Mimi ni wa ule mchanganyiko mwepesi, majani ya Darjeeling ya India na Ceylon ya milimani kule Sri Lanka, ukimimina unaona mpaka kitako cha kikombe. Wenzangu mnaipikaje, na nani ameshaharibiwa yake?

wa_rangi: Haipikwi hiyo mkuu, inamwagiwa maji. Gramu 2 kwa kikombe cha mililita 200, maji yakichemka unayaacha yapumue kidogo ndo unamwaga, unafunika, dakika 3 unachuja. Ukizidisha tanini inatoka yote unabaki na ukakasi kwenye ulimi.

mama_wawili: Dakika 3 kabisaaa.

nyuzi_mia: Hapo kwenye kupumua nakataa. Ceylon inataka maji ya moto kwelikweli. Ya kupoza ni Darjeeling ya mavuno ya kwanza, yale ya Machi na Aprili, hayo nyuzi 85 mpaka 90 yanatosha.

wa_rangi: Sasa kama yako pakiti moja utayatenganisha na kibano? Unafuata lile laini.

nyuzi_mia: Unapata maji yenye rangi, sio chai.

mlinzi_wa_jiko: Jamani mmenitonesha kidonda. Nililetewa kipakiti cha Darjeeling nikakificha nyuma ya sukari, nasema wakwe wakija ndo nafungua. Siku ikafika, birika nimeshalipasha, vikombe vimepangwa, nikaitwa nje kidogo tu, narudi shemeji yangu kamimina pakiti NZIMA kwenye sufuria inatokota, ile harufu yote ya maua imejaa jikoni maana yake kwenye chai haimo tena. Nikanyamaza. Akatia maziwa, nikanyamaza. Tukapeleka mezani, baba mkwe akasema yeye hupenda limau, kabla sijafungua mdomo shemeji kalikamulia kwenye birika zima mbele ya watu, maziwa yakakatika palepale, vibonge vyeupe vinaelea, mama mkwe alikuwa keshamiminiwa, akakitazama kikombe akakirudisha mezani taratibu bila neno.

mama_wawili: Uwiiii!

chai_na_kitabu: Baba mkwe akanywa nini sasa?

mlinzi_wa_jiko: Maji.

mtu_wa_watu: Mnamwonea tu shemeji wa watu, alikuwa anasaidia.

mlinzi_wa_jiko: Pakiti nzima ndugu yangu. NZIMA.

nyuzi_mia: Huyo apigwe marufuku jikoni. Ila limau bila maziwa ni raha, tone mbili tu rangi inafifia mbele ya macho, inatoka kahawia inakuwa dhahabu.

wa_rangi: Leo tumekubaliana.

chai_na_kitabu: Kuficha nyuma ya sukari sawa, ila usiweke karibu na viungo, majani yanavuta harufu vibaya mno. Kopo la bati lenye kifuniko cha kubana. Na kama juu ya chai unapata utando unaong'aa usilaumu majani, maji yako ni magumu, chuja kwanza.

mtu_wa_watu: Mie naweka maziwa na naishi vizuri tu. Hata hivyo ya saa kumi ni ya kusogeza tumbo hadi chakula cha usiku, ndo sababu anatajwa Anna, duchess wa Bedford (mke wa mkabaila mkubwa), kuianzisha Uingereza miaka ya 1840.

mama_wawili: Majani yaleyale naweza kurudia?

wa_rangi: Kama ni majani mazima rudia palepale, ongeza dakika moja. Ya kwenye vifuko tupa.

nyuzi_mia: Usirudie.