Hoteli imefungwa, mwenyewe karudi Italia, refarii nimtoe wapi?

Jamani leo nasema maana imenifika hapa. Niko saiba hapa Malindi tangu saa tatu asubuhi najaza fomu ya kazi ya hoteli, kurasa nne, nafika mwisho naambiwa niweke marefarii watatu, yaani watu wa kunithibitishia kazi niliyofanya, na kila mmoja lazima awe na imeili ya kampuni, ukiweka Gmail inageuka nyekundu haiendi mbele. Sasa mimi hoteli niliyofanya miaka sita ilifungwa, tena si ile ya kufunga masika halafu Julai tunarudi kama tulivyozoea, ilifungwa kabisa, mwenyewe akarudi kwao Italia na imeili ya ofisi ikafa hapo hapo. Nimuweke nani?

Supavaiza wangu wa zamani, Mungu ampe kheri, siku hizi yuko Doha. Aliniandikia pendekezo LinkedIn, ule mtandao wa mambo ya kazi, zuri wallahi, kataja mpaka ile harusi ya wageni mia mbili tuliyoihudumia watu kumi na mmoja. Nikatuma linki, HR mmoja, mtu wa ofisi ya kuajiri, akanijibu eti hizo ni za marafiki kuandikiana. Yaani mtu kaweka jina lake, picha yake na kazi yake pale haaminiki, ila imeili ya ofisi ambayo hata hujui nani anaisoma ndo inaaminika??

Na kinachoniuma zaidi ni hizi sistimu zinazomtumia refarii maswali papo hapo ukishabonyeza tu, wala hawajaamua kama wanakutaka. Tangu Januari nimeomba kazi nane, zote nane zimemtumia kaka wa watu fomu ya kujaza, na alijaza, juzi kaniandikia "mdogo wangu, hizi zinanijia niko zamu, nimechoka sasa." Niliona haya mpaka nikashindwa kumjibu. Nimemmalizia mtu wema wake kwa kazi ambazo hata moja haijaniita intavyuu!

Na sheria ipo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kifungu cha 51, ukifanya kazi wiki nne au zaidi ukatoka, mwajiri lazima akupe cheti cha utumishi: ulianza lini, ukaacha lini, kazi gani, wapi. Kukuandikia sifa halazimiki, kifungu hicho hicho kinasema, lakini cheti ni lazima na akikataa makusudi ni kosa, faini hadi shilingi 100,000 au jela hadi miezi sita. Sisi tulitoka pale zaidi ya thelathini, hakuna aliyepewa, na hatukudai kwa sababu hatukujua. Na hata ningekuwa nacho, hizi fomu hazina mahali pa kukiweka, wanataka marefarii tu marefarii tu.

Nyinyi mlio hotelini Watamu na Lamu, msimu haujaisha, kidaini sasa hivi meneja bado yupo. Na aliyewahi kumdai cheti mwajiri aliyeshaondoka nchini anieleze alianzia wapi, kwa afisa wa kazi ama wakili, Jumatatu nataka niende.