Re: Data ya kodi na wazee wetu

> Wanajamvi salaam. Tuliomba kaunti yetu hapa Marekani hela ya gari la kuwapeleka wazee kliniki, tukajibiwa eti kwa data ya kodi wazee maskini hapa ni wachache. Wamejuaje? Na ile misamaha ya kodi ya kila kichwa si ilifutwa 2018?

Kaka salama, na wakubwa wote humu shikamooni.

Kilichoondoka ni hela tu, kila kichwa sasa kinapunguziwa dola sifuri, lakini vichwa bado vinaandikwa kwenye ritani (ile fomu ya kodi ya kila mwaka), wewe, shemeji, watoto, na mama kama unamtunza. Sensa ya Marekani wana mpango wa kukadiria umaskini wa kila kaunti unaitwa SAIPE, wanachukua ritani wanaangalia AGI, yaani kipato kinachobaki kwenye ritani baada ya makato fulani, ikiwa chini ya mstari wa umaskini kwa familia ya ukubwa ule basi waliomo wote wanaingia kwenye hesabu ya maskini, halafu wanachanganya na ACS, dodoso la Sensa la kila mwaka, na data ya stempu za chakula, ule msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo. Kwa watoto siyo mbaya, wazazi wengi wanafaili, yaani wanapeleka ritani, manake wanataka krediti zao, yale mapunguzo ya kodi. Kwa wazee ndo balaa.

Chukua mzee anaishi peke yake, Social Security, pensheni ya serikali, inampa dola 1,200 kwa mwezi na hana kingine. Kwa mwaka ni 14,400, na mstari wa 2023 kwa mtu wa 65+ anayeishi peke yake ulikuwa 14,614, kwa hiyo ni maskini kabisa. Ila halazimiki kufaili, hafaili, kwenye data ya kodi hayupo. Jirani yake anapata 1,900 kwa mwezi na riba ya benki 3,000 kwa mwaka. Social Security haianzi kutozwa kodi mpaka nusu yake ukijumlisha na mapato mengine ipite 25,000 kwa mtu mmoja, yeye anafika 14,400 tu, kwa hiyo akifaili AGI yake inasoma 3,000. Ana karibu 26,000 mkononi na karatasi inamwita fukara! Yaani mwenye shida haonekani na mwenye nafuu ndo anahesabiwa.

Halafu SAIPE yenyewe haitoi namba ya 65+ peke yake, inatoa ya watu wote na ya watoto. Sasa huyo afisa wa kaunti aliyewajibu kaipata wapi? Mwulizeni kwa maandishi, kwa upole lakini kwa maandishi.

> Dada na mimi nidandie, mama yangu ana grin kadi anakaa kwangu, hana hata senti, yeye anahesabiwaje?

Mdogo wangu, kama unambeba zaidi ya nusu ya matumizi yake unamkleimu, yaani unamwandika kama tegemezi, kwenye ritani yako, unapata ile krediti ya 500, usiiache. Ila ujue hapo anapimwa kwa kipato chako. Wewe ukiwa nesi unayepiga overtaimu basi mama "siyo maskini", hata kama hela ya dawa anaiomba kwako kila mara na anaona aibu kuomba. Sisi wenye kukaa na wazazi ndani ndo tunapotea zaidi kwenye hizi namba, na hakuna anayetukosea hapo, kipimo kinahesabu nyumba hakihesabu mfuko wa mtu.

Na msisahau mstari wenyewe una mambo yake. Ulitokana na bei ya chakula mara tatu, kazi ya Mollie Orshansky miaka ya 60 mwanzoni, na mpaka leo wa mzee anayeishi peke yake uko chini kuliko wa kijana, huo mwaka 2023 kijana alikuwa 15,852. Sijui nani aliamini mzee anaishi kwa bei rahisi, labda hajawahi kulipia dawa za presha. Kipimo kingine cha umaskini cha Sensa, SPM, kinaondoa kwenye kipato gharama za matibabu unazolipa mfukoni, na 2023 kilionyesha wazee maskini 14.2% wakati kile rasmi kilisema 9.7%. Nchi ile ile, wazee wale wale.

Kwa hiyo kwenye barua ya pili achaneni na kodi, chukueni ACS ya kaunti yenu jedwali la 65+, mpachike na idadi ya wazee wanaokaa na watoto wao. Kaka nitumie lile jibu la kaunti lote, hasa maandishi madogo ya chini, nione kama wametaja AGI.