Naombeni ushauri wakubwa: MPA nisomee Makerere au UMI? Niko West Nile

Karani_Mpakani
Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Mimi ni mtumishi wa wilaya moja huku West Nile, Uganda, naongoza ofisi ya gombolola, yaani kata ndani ya wilaya (Senior Assistant Secretary, wenyewe tunaita SAS). Nina digrii ya kwanza na sasa nataka masters ya public administration, MPA. Nimekwama kati ya Chuo Kikuu cha Makerere na UMI (Uganda Management Institute). Makerere ina jina lakini nasikia unaweza kukaa kwenye tasnifu mpaka wanao wanakukuta chuoni, UMI watu wanasema ndiyo yenyewe kwa sisi wa serikali na wana tawi Gulu kwa hiyo sitalala kwenye basi la Kampala kila wiki. Mwenye uzoefu anisaidie. Na kama mnajua mahali ambapo mtu anamaliza haraka naomba mniambie, haraka ni muhimu sana kwangu. Asanteni.

BodaMsomi
Haraka ya nini tena? Kazi si unayo.

Mwalimu_wa_Arts
Karibu kwenye chama. Mimi nafundisha historia, 2022 wenzetu wa sayansi wakapandishwa mshahara mpaka milioni 4 kwa mwezi sisi tukabaki na chaki, tukagoma, tukatishiwa kufukuzwa, tukarudi darasani kama hakuna kilichotokea. Nikasema basi nitoke huku, nifanye MPA niingie utawala. Masomo ya darasani nilimaliza vizuri kabisa, sera za umma, fedha za serikali, utafiti, yote nikapita, ikaja tasnifu. Supavaiza wangu akapata nafasi ya kusoma Ulaya, wa pili akisoma sura moja anakuambia badilisha mada, nikabadilisha, akasema ile ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi. Kila nikienda Kampala kumtafuta ni nauli, chai na kulala kwa shemeji ambaye naye ameanza kununa. 2024 daraja la Karuma lilipofungwa basi zikawa zinazunguka Masindi na Paraa, nikafika nimechoka, ofisi imefungwa. Mpaka leo niko sura ya tatu. Sikukatishi tamaa dada au kaka, nakuambia tu chagua supavaiza kabla hujachagua chuo.

Hajati_wa_Oli
Asalaam aleikum wanangu. Huyu ni mwanamke, nimemjua kwa uandishi. Sasa mwanangu, mwenyewe nyumbani anasemaje? Maana masters ni wikendi, na wikendi ndiyo siku za harusi, za matanga, za watoto. Binti yangu alisoma IUIU, chuo kikuu cha Kiislamu kule Mbale, digrii ya kwanza, alipotaka kuendelea nikamwambia mshirikishe mume wako kwanza. Sisemi usisome. Elimu ni faradhi. Ila usisome kwa kujificha.

Karani_Mpakani
Waalaikum salaam mama. Mume hana shida, yuko Juba kikazi. Mwalimu pole sana, ndiyo maana naogopa Makerere.

Njugu_za_Malaba
Yuko Juba na hana shida 😂 mama Hajati umesikia hiyo. Mimi masters yangu ni ya kukliya malori hapa mpakani, supavaiza ni URA wa kodi, na vaiva (kutetea tasnifu) nafanya kila siku.

Dada_wa_JinjaRoad
Ngojeni tumsaidie mtu. Mimi nimepitia UMI, ile ya Jinja Road Kampala, kwa hiyo nasema ninachokijua. Kwanza ile taasisi imekuwepo tangu 1969 na tangu mwanzo kazi yake ilikuwa kufundisha watumishi wa serikali, darasani utakaa na watu wa wizara, wa wilaya, wa polisi, hata majadiliano yanakuwa ya kazi kweli, mtu anakuambia kwetu bajeti tulifanya hivi na ukaguzi ukatukuta hivi. Huko ndiko nilikojifunza zaidi kuliko kwenye slaidi. Lakini tasnifu ipo pia, na unatetea mbele ya watu, asikudanganye mtu kwamba UMI ni shotikati.

La pili ambalo hujauliza. Wewe ni SAS, kwa hiyo unakotaka kwenda ni Principal Assistant Secretary au town clerk, si ndiyo? Hebu soma tangazo la kazi vizuri. Mara nyingi wanaandika masters AU postgraduate diploma ya utawala. PGD ni fupi kuliko masters na ni nafuu. Na juu ya hapo wanataka ile kozi ya sheria ya maafisa utawala ya LDC (Law Development Centre), watu wengi wanakimbilia masters wanaisahau hiyo, siku ya intavyu wanabaki wanatazama dari. Unayo ya LDC?

La tatu, chuo chochote utakachochagua ingia kwenye tovuti ya NCHE, baraza la elimu ya juu, uangalie programu yenyewe kama muda wake haujaisha, sio jina la chuo tu. Mnakumbuka kelele za 2023 za programu zilizoisha muda.

Karani_Mpakani
Ya LDC ninayo. PGD haitanisaidia.

Dada_wa_JinjaRoad
Kwa nini isikusaidie kama tangazo linaikubali?

Karani_Mpakani
Ni mambo ya ndani tu.

BodaMsomi
Na swali langu la haraka ya nini liko palepale.

Mzee_wa_Parishi
Vijana wa siku hizi mnataka karatasi. Sisi tulikuwa tunatembelea wananchi kwa baiskeli, unajua kila mji na mbuzi wake. Leo PDM, ule mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi, imeleta milioni 100 kila parishi kila mwaka, uliza chifu wa parishi ni nani kapata na kafanyia nini, anakufungulia laptopu. Masters ya kazi gani?

Njugu_za_Malaba
Mzee na wewe hiyo baiskeli ulinunua na allawansi ya nani 😂

Karani_Mpakani
Haya naona hamtaniachia. Tangazo lilitoka, nafasi ya PAS (hiyo Principal Assistant Secretary), tume ya utumishi ya wilaya. Nikajaza fomu nakala tatu, kwenye elimu nikaandika MPA, inaendelea. Sasa fununu zinasema wanaoitwa intavyu watabeba na barua ya admisheni kwa masomo yanayoendelea. Ndiyo haraka yenyewe. Kabla hamjanirukia, kila mtu huandika inaendelea, ofisini kwetu najua watu ambao yao imeendelea tangu nikiwa chuo. Na sikudanganya, siku ile nilikuwa nimeshadaunlodi fomu ya chuo, nia ilikuwepo.

BodaMsomi
Nia 😭😭 wee dada

Mwalimu_wa_Arts
Kwa hiyo mimi wa sura ya tatu ndiyo mwenye haki ya kuandika "inaendelea" hapa.

Afande_Mstaafu
Mwanangu, nimefanya kazi ya upelelezi miaka mingi. Nikuulize kwa upole. Umeandika chuo gani kwenye ile fomu?

Karani_Mpakani
Afande shikamoo. Niliandika chuo kimoja cha binafsi, si Makerere wala UMI.

Afande_Mstaafu
Marahaba. Sasa kama fomu inasema chuo kingine, Makerere na UMI unatuulizia za nini?

Karani_Mpakani
Kwa sababu nataka kusoma kweli! Hiyo ya binafsi ni ya kuvukia tu. Kuna jamaa ameniambia anaweza kunipatia barua ya admisheni yenye tarehe ya mwaka jana, na risiti ya muhula wa kwanza. Nikishapata cheo nitaanza UMI Gulu vizuri, hata na ruhusa ya masomo nitaomba. Nimechukua mkopo wa mshahara, sehemu nimempa yeye, sehemu ni ada ya UMI, kidogo kimeingia kwenye bati maana mvua haikuwa inasubiri. Tazameni pia upande wangu. Nimekaimu nafasi ile bila barua, wameleta mtu juu yangu ambaye hata minitsi za baraza hajui kuandika, nimemfundisha mimi. Kazi naijua. Kinachokosekana ni karatasi.

Afande_Mstaafu
Kuandika inaendelea wakati hujaanza ni uongo kwa tume. Barua ya tarehe ya mwaka jana ni kughushi, hiyo ni Penal Code, sheria ya makosa ya jinai, na aliyeghushi na anayeitumia wote wamo. Tume ikitaka kujua inaandikia chuo barua moja tu.

Hajati_wa_Oli
Nilisema usisome kwa kujificha. Sikujua kwamba hata kusoma kwenyewe hakuna.

Msomaji_Kimya
Jamani naomba msimame kidogo. Huwa siandiki ila leo acha niseme. Someni huu uzi kuanzia juu. Afisa wa ngazi ya kati, nafasi imetangazwa, fomu ina uongo mdogo, kuna mtu wa kati anayeuza barua, kuna shinikizo la mkopo, mume yuko mbali, kiongozi asiye na uwezo amewekwa juu. Kila kitu kimo. Hii ni kesi ya darasani! Mimi nimesoma utawala, tulipewa hizi kila mwezi, "Afisa X wa wilaya Y, jadili changamoto za kimaadili." Huyu yuko MPA tayari, tunamfanyia asaimenti ya etiki bure.

Njugu_za_Malaba
Banange! Na mimi nimeshajibu mara mbili, nataka alama zangu.

Mwalimu_wa_Arts
Kama ni asaimenti basi ile habari yangu ya supavaiza iondoe, nitatambulika.

BodaMsomi
Aaah kumbe ndiyo maana anajibu taratibu kila mara na kitu kipya. Dada unatuma lini kwa mhadhiri?

Karani_Mpakani
Mnanivunja moyo. Mtu anakuja na shida mnamgeuza mchezo. Nani anatunga habari ya bati? Niko tayari kupiga picha fomu nifunike jina mwone, nilijaza kwa peni ya bluu wakanirudisha nikajaza upya kwa nyeusi, mhasibu wetu ndiye alipiga muhuri wa nakala za vyeti akanidai soda.

Msomaji_Kimya
Mhasibu kugonga muhuri wa vyeti? Hapo ndipo naanza kuamini, kesi ya darasani ingeweka wakili.

Mzee_wa_Parishi
Iwe kweli iwe uongo, mimi nasimama na baiskeli.

Dada_wa_JinjaRoad
Mimi sijali kama ni asaimenti, kuna mtu mwingine atakayesoma hapa yuko kwenye hali hiyo hiyo. Dada, tangazo lenu linasema nini hasa? Nakili mstari wa elimu uweke hapa, neno kwa neno.

Karani_Mpakani
Linasema digrii ya kwanza yenye honazi, pamoja na postgraduate diploma au masters ya utawala wa umma kutoka taasisi inayotambulika.

Dada_wa_JinjaRoad
Kwa hiyo hata masters hawakuilazimisha. Ukiwa huna PGD wala masters raundi hii hupiti, barua ya jamaa isipokuwepo au ikiwepo, maana "inaendelea" sio cheti. Umemlipa mtu akununulie kitu ambacho tume haikukiomba. Mimi ningekuwa wewe ningemwandikia katibu wa tume kabla ya orodha kutoka, ningeondoa huo mstari, halafu PGD Gulu kwenye udahili unaofuata, uanze kwa jina lako na kamati ya mafunzo ya wilaya ijue. Raundi nyingine itakuja, PAS wanastaafu kila siku.

Karani_Mpakani
Kuandika barua ni kujichongea. Wataniangalia vipi ofisini? Halafu raundi nyingine ni lini, baada ya uchaguzi? Nitafikiria. Na pesa yangu kwa yule jamaa?

BodaMsomi
Anapokea simu?

Karani_Mpakani
Tangu Jumamosi inaita tu.

Afande_Mstaafu
Unaweza kwenda kituoni kuandikisha. Ila watakuuliza ulikuwa unanunua nini kwake.

Njugu_za_Malaba
Mwambie afande wa zamu "inaendelea" 😂😂

Mwalimu_wa_Arts
Samahani natoka nje ya mada. Dada wa Jinja Road, hiyo kozi ya sheria ya LDC, mwalimu anachukuliwa au mpaka uwe tayari kwenye utawala?

Dada_wa_JinjaRoad
Waulize wenyewe, wako Makerere Hill Road. Lakini mwalimu, maliza kwanza sura ya tatu.