Mnaotufundisha kufuga mbwa kupitia dirisha la bajaji, leo tuelewane

Wakuu, salaam. Mods, uzi huu msiuunganishe na ule wa kuuza vijibwa. Hapa ni malalamiko, na povu ruksa.

Ukifuga mbwa nchi hii, kila anayepita getini ni daktari wa mifugo. Bodaboda anayesubiri abiria anakushauri. Muuza genge anakushauri. Fundi aliyekuja kuziba bomba anakushauri huku kapanda juu ya meza na miguu anaificha. Na ushauri wao karibu wote unakwenda sehemu moja: mbwa awe mkali, na awe "pure", yaani mbegu safi isiyochanganywa. Kama kachanjwa, hakuna anayeuliza. Halafu siku mbwa akiuma mtu, wa kwanza kuokota jiwe ni huyo huyo aliyefundisha namna ya kumharibu.

Niwatoe kwanza wasiohusika. Jirani anayemkwepa mbwa kwa kuchelea najisi kabla ya swala, huyo simgusi. Anajua anachokwepa, na mfugaji mstaarabu anamshika mbwa wake jirani apite. Ninaowasema ni wale wanaopiga miluzi getini, wanarusha kijiwe, mbwa akibweka wanakwambia hujui kufuga.

Tuanze na lile kubwa: "Mfungie bandani mchana kutwa asizoee watu, usiku ndio umtoe." Mtoto wa mbwa anaijua dunia kuanzia wiki ya 3 mpaka kama ya 14. Alichokutana nacho kipindi hicho bila kuumizwa, anakihesabu ni cha kawaida: watoto wanaokimbia, pikipiki, mzee mwenye fimbo, mama mwenye ndoo kichwani, mtu wa kanzu, mtu wa kofia ngumu. Mfungie gizani wiki hizo, na ukubwani kila kimoja kati ya hivyo atakiona ni adui. Watu wanauita huo ukali. Ni woga. Mbwa mwoga hachagui wa kumuuma: atamuuma mtoto aliyefuata mpira, atamuuma dada anayempelekea chakula, na mwizi akija na nyama yenye sumu ataila. Anayelinda ni yule aliyezoea watu mpaka anajua yupi si wa kawaida. Huyo anabweka mapema na kusimama. Mwizi anaondoshwa na kelele, meno yanakuja mwisho kabisa.

Mtu atasema, sasa nitamzoeshaje na chanjo hazijakamilika? Mbebe. Kaa naye mlango wa duka umempakata, leta wageni nyumbani, mpandishe kwenye gari. Usimshushe jalalani, sokoni, wala mahali mbwa wa mtaani wanajisaidia. Basi.

Halafu kuna wapishi. "Mpe bangi." "Mpe pilipili." "Mpe nyigu." "Mpe baruti." Mbwa aliyekula bangi analegea, anayumba, mkojo unamdondoka bila habari, ukimgusa anashtuka kama kapigwa shoti. Huo ndio mlinzi wako wa usiku? Pilipili inamchoma tumbo na kumharisha. Nyigu akimuuma kooni, koo linavimba na hewa inakata. Wa baruti sina hata la kumjibu.

"Mpe nyama mbichi aonje damu." Hapa nataka watu wasome taratibu. Shida haiko kwenye kuonja damu. Shida ni yale mapafu na maini yenye malengelenge ya maji ambayo mchinjaji anayatupa pembeni na wewe unaambiwa uyaokote, ya bure hayo. Ndani ya malengelenge hayo mna vichwa vya minyoo tegu aina ya Echinococcus. Ndani ya utumbo wa mbwa vinakua vijinyoo vya milimita chache tu, na mbwa haonyeshi dalili. Mayai yanatoka na kinyesi, yanabaki kwenye manyoya na kwenye udongo, mtoto wako anamshika mbwa halafu anakula embe. Mtu anaota uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu, unakua kimyakimya miaka mingi, mwisho ni kisu cha daktari. Turkana, kule Kenya, inajulikana dunia nzima kwa ugonjwa huu, na kwetu jamii za wafugaji wanaujua. Kwa hiyo mapafu na maini chemsha dakika 30 tangu yaanze kutokota, yenye malengelenge fukia shimo refu au choma, na mbwa apewe praziquantel, miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito wake. Dawa nyingi za minyoo za bei rahisi hazina praziquantel, kwa hiyo soma boksi kabla hujalipa.

Sasa tuje kwa wakaguzi wa "pure". Hawa ndio wananipandisha presha.

"Huyu si German Shepherd, masikio yamelala." Kijibwa kina miezi mitatu! Masikio ya hao husimama wakiwa na umri wa kati ya miezi 3 na 6, na yakishasimama yanaweza kulala tena moja au yote wakati meno ya utotoni yanang'oka, kama mwezi wa 4 mpaka wa 6. Ni kawaida. Lakini mpita njia keshakutia hofu, unakimbilia duka la mifugo kununua kalsiamu. Unamwagia ya unga juu ya chakula cha dukani ambacho tayari kina kalsiamu yake. Mbwa mkubwa akiwa mtoto hana uwezo wa kukataa kalsiamu iliyozidi, tumbo linaendelea kuipokea, na mifupa inakua vibaya: anachechemea, miguu ya mbele inapinda. Kisha yule yule mpita njia anarudi: "Miguu imepinda, mwongezee kalsiamu." Anayehitaji kuongezewa ni yule anayelishwa nyama tupu au ugali mtupu, na hata huyo kipimo kinatoka kwa daktari aliyemwona.

"Fungua mdomo tuone kaakaa, kama nyeusi ni mkali." Rangi ya kaakaa ni rangi, kama ya pua. "Doberman wako feki, masikio yananing'inia." Doberman anazaliwa masikio yananing'inia! Yale yaliyochongoka yamekatwa. Rottweiler naye anazaliwa na mkia mrefu. Ujerumani, kwao wote wawili, kukata masikio kulipigwa marufuku 1987 na mkia 1998, ila hapa mtu anakudharau kwa sababu mbwa wako ana mkia wake. "Rottweiler akizeeka ubongo unajaa fuvu, anamgeuka mwenyewe." Ubongo wa mbwa mzima haukui mpaka fuvu lishindwe. Mbwa mzima akibadilika tabia ghafla, tafuta maumivu: sikio lenye usaha, jino lililooza, nyonga. "Pitbull akiuma taya linajifunga kwa loki." Hamna loki. Ana taya lenye misuli na king'ang'anizi, basi. Ushahidi wa mbegu ni makaratasi ya wazazi wake na mama unayemwona kwa macho. Kaakaa na kucha za nyuma havithibitishi chochote.

Upande wa pili yupo anayekwambia "koko haumwi, usipoteze hela kumchanja." Koko wanakufa wakiwa wadogo, kwa wingi, na hakuna anayewahesabu. Mnaowaona ni waliobaki.

Na oili chafu. Jamani, oili chafu! Mbwa ana upele, ngozi imekuwa kama ya tembo, anajikuna mpaka damu, mtu anasema mpake oili ya gari iliyotumika. Oili inaunguza ngozi iliyokwisha chubuka, inapenya, na kile kinachobaki juu mbwa anakilamba. Ini na figo ndiyo yanalipa. Upele ule kwa kawaida ni wadudu wasioonekana kwa macho. Daktari anakwangua ngozi kwa wembe na kuangalia kwenye hadubini. Akisema muogeshe amitraz, dawa ya kuua kupe na wadudu wa ngozi, ile ya 12.5% ya madukani ni mililita 2 kwa lita 1 ya maji kwa upele, upime kwa bomba la sindano, siyo kwa kifuniko. Vaa glovu. Muogeshe shampuu kwanza, umkaushe, umpake, usimsuuze, akaukie kivulini penye upepo. Chini ya miezi mitatu asiguswe na dawa hiyo. Ukizidisha anasinzia, anatapika, moyo unapiga polepole. Na ile ivermectin ya ng'ombe ya 1%, sindano ya minyoo na wadudu, mnayochoma kwa kukadiria kwa macho: mbwa wa kilo 10 dozi yake ni mililita 0.2 hadi 0.4, siyo "bomba moja". Collie wengi, na baadhi ya German Shepherd, wana kasoro ya kurithi inayofanya dozi hiyo hiyo ya kawaida iingie kwenye ubongo. Anapofuka, anatetemeka, anazimia. Huo ndio upande wa "pure" ambao wakaguzi wa getini hawaujui.

Nimemaliza la kwangu, wadau shukeni.

*

Mama Vijibwa: Mtoa mada umesahau "lazima azae mara moja kwanza ndio umfunge kizazi." Hakuna faida yoyote anayoipata jike kwa kuzaa mara moja. Asiyefungwa kizazi, wiki 2 hadi 8 baada ya joto (kipindi cha kutaka dume), anaweza kujaa usaha kwenye mfuko wa uzazi. Dalili: anakunywa maji kupita kiasi, hataki kula, anatoa uchafu wenye harufu, wengine hawatoi chochote ila tumbo linajaa, na hao ndio wanakufa haraka. Ni upasuaji siku hiyo hiyo, siyo "subiri tuone wiki ijayo". Na akipandwa na mbwa wa mtaani anaweza kuleta ule uvimbe wa sehemu za siri unaovuja damu kama koliflawa. Unatibika kwa vincristine, dawa ya saratani, sindano moja kwa wiki, mara 4 mpaka 6. Watu wanauona wanasema ni joto haliishi.

Kiti Moto wa Mjini: Mnatuchosha. Babu zetu walifuga kwa ugali na makombo, hakuna kadi ya chanjo, hakuna shampuu. Mbwa ni mbwa.

Mtoa mada: Mkuu, babu zako walifuga na mbwa wenye kichaa wakaua watu kijijini, ila hilo hukusimuliwa. Chanjo ya kichaa ni kuanzia miezi 3, kisha kila mwaka. Kadi iwekwe mahali unapoweza kuitoa usiku. Makombo sina ugomvi nayo, toa mifupa ya kuku iliyopikwa, vitunguu na chumvi nyingi, ongeza dagaa waliooshwa.

Bwana Mifugo Mstaafu: Naongezea upande wa aliyeumwa, maana huko nako washauri wamejaa. "Weka pilipili kwenye kidonda." "Choma manyoya ya mbwa upake." Acheni. Osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kamili, tumia saa, kisha hospitali siku hiyo hiyo, na ratiba ya sindano usiikatishe kwa sababu kidonda kimepona. Mbwa msimuue kama anaweza kufungwa salama. Anawekwa chini ya uangalizi siku 10. Akizimaliza ni mzima, ina maana siku aliyouma mate yake hayakuwa na virusi. Mkimuua na kumtupa mtoni mmepoteza jibu, na sindano hazisubiri siku hizo 10 ziishe. Akifa mwenyewe, toeni taarifa ofisi ya mifugo, kichwa kinahitajika kwa kipimo.

Na kitu kingine: mbwa kutoa ulimi na udenda saa saba mchana Dar ni joto. Hatoki jasho mwilini kama sisi, anapoa kwa kuhema. Mpelekeni maji.

Jirani Mwema: Swali la dhati, mimi siyo mfugaji. Nikimkuta njiani nifanyeje? Kila mtu ananiambia nimkazie macho.

Mtoa mada: Umeuliza vizuri kuliko wote. Kumkazia macho kwa mbwa ni kumwalika ugomvi. Simama, geuka ubavu, mikono ishuke, angalia chini pembeni, acha anuse. Akipoteza hamu ondoka polepole bila kumpa mgongo. Usikimbie, usijifanye unaokota jiwe kama yuko hatua mbili na hana pa kupita. Akikuangusha, jikunje, ficha shingo na masikio kwa mikono.

Kisiwa Changu: Kijibwa changu kimekufa kwa kuharisha damu, jirani anasema leta kingine kesho, mwagia chumvi tu banda.

Mtoa mada: Pole. Hiyo kwa maelezo inafanana na parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa, na chumvi haiigusi. Kwanza ondoa kinyesi na matapishi yote, sugua sakafu kwa sabuni, suuza. Kisha jiki ya nguo isiyo na manukato, sehemu 1 kwa 30 za maji, yaani kama mililita 33 kwa lita, iache imelowa dakika 10. Vyombo vya plastiki vilivyochubuka, mablanketi na mbao za banda tupa. Uani kwenye udongo jiki haifanyi kazi, na virusi vinakaa huko miezi, hata mwaka. Kwa hiyo usilete cha wiki 6. Tafuta aliyekwisha maliza chanjo zake, ile ya mwisho awe amepata akiwa na wiki 16 au zaidi, na usimlete kabla hazijapita wiki mbili tangu sindano hiyo.