Mganga mkuu wa wilaya aajiriwe na nani? Tuwatazame Waingereza wa vijijini, 1894–1934

Mleta mada:

Wakuu, habari za jioni. Kila tukijadili afya vijijini hoja inaishia palepale: madaraka yashushwe chini, wananchi wajiamulie, anayeijua shida ni mwenyewe. Naomba nipinge kidogo, na ushahidi wangu nautoa mbali, kwa Waingereza wa miaka mia na ushee iliyopita, maana wale walishusha madaraka kwelikweli.

Sheria ya 1894 iliunda halmashauri za wilaya za vijijini. Kila moja ilikuwa na mganga mkuu wake pamoja na bwana afya, ambaye cheo chake rasmi kilikuwa mkaguzi wa kero. Ndiyo, kero: choo kilichofurika, nguruwe chini ya dirisha, mtaro unaonuka.

Kwenye karatasi, safi. Tatizo ni watu wenyewe. Mganga mkuu mara nyingi alikuwa daktari wa mji mdogo wa jirani, mwenye wagonjwa wake wa kulipa, kazi ya wilaya anaifanya kwa saa za ziada kwa malipo kiduchu. Mkaguzi wa kero sehemu nyingi ndiye huyohuyo msimamizi wa barabara: asubuhi anakagua mashimo ya barabarani, mchana mashimo ya vyoo. Na madiwani? Wengi wakulima wakubwa na wenye nyumba. Haohao ndio waliosimamia misaada ya maskini, na vikao mara nyingi vilifanyika kwenye nyumba ya maskini, yaani makao walikowekwa maskini na kufanyishwa kazi. Wanamaliza kimoja, wanageuza makabrasha, wanaanza kingine.

Mkataba wa mganga mara nyingi ulikuwa wa mwaka mmoja. Bodi ya Serikali za Mitaa kule London, yaani idara ya serikali kuu iliyozisimamia halmashauri, ilikuwa na kauli juu ya kufukuzwa kwake pale nusu ya mshahara ilipotoka kwenye fuko la umma. Lakini ya nini kumfukuza mtu ambaye mkataba wake unakwisha wenyewe? Unanyamaza tu, mwaka ukiisha unamchukua mwingine.

Sasa jiweke nafasi yake. Umeingia kwenye nyumba ya kibarua wa shamba. Vyumba viwili vya kulala, watoto sita, kisima kifupi hatua chache kutoka chooni. Maji ukiyainua kwenye glasi yana rangi ya majani ya chai yaliyochemshwa mara ya pili. Nyumba ni ya mkulima, mkulima ni diwani, na mkewe unamtibu wewe kwa pesa. Ripoti ya mwaka utaandika nini? Wapo walioandika ukweli, tena kwa ukali, nawapa heko. Ila huwezi kupanga ajira kwa kutegemea kila daktari awe na kifua hicho.

Waingereza wenyewe waliliona. Sheria ya 1909 ikataka kila kaunti, yaani eneo kubwa lenye wilaya kadhaa ndani yake, iwe na mganga mkuu, asiajiriwe kwa muda maalumu, asiondolewe bila idhini ya London, asitibu wagonjwa binafsi. Wale wa wilaya wakasubiri ulinzi wao hadi 1921, na ni 1929 ndipo kaunti zikatakiwa kupanga namna ya kuachana na madaktari wa saa za ziada.

Msimamo wangu ni huo: anayekagua nyumba asipewe mkataba na mwenye nyumba. Karibuni mnirarue.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, umeandika vizuri ila umeiruka tauni. Freston, kijiji cha Suffolk, mashariki mwa Uingereza, Septemba 1910: watu wanne wa nyumba za vibarua wamekufa ndani ya wiki chache, wa kwanza binti wa miaka 9. Nani alishtuka? Si London. Ni madaktari wa hukohuko, damu ikapimwa Ipswich, mji wa jirani. Wataalamu wa London walikuja baadaye, panya wakakamatwa kwa maelfu na kupasuliwa. Daktari anayewajua watu kwa majina ndiye anayeona kifo hiki kina jambo.

La pili, kuogopa mwenye nyumba ni nusu tu ya habari. Tangu 1890 sheria iliruhusu kufunga nyumba isiyofaa kuishi, na 1909 ikaongezewa nguvu. Haya, umefunga. Familia inalala wapi? Kijijini hakuna nyumba nyingine. Mganga aliyesita huenda alisita kwa huruma. Mwajiri awe London au awe mwezini, nyumba haipo.

Mchangiaji wa pili:

Mimi ni bwana afya mstaafu. Niliwahi kumwandikia notisi diwani kwa sababu ya bucha lake. Wiki iliyofuata pikipiki ya idara ikakosa mafuta, na ikaendelea kukosa mafuta miezi minne. Mleta mada nakuunga mkono, sina la kuongeza.

Mleta mada:

Mzee, shikamoo, na pole. Hiyo ya mafuta nimeicheka kwa uchungu.

Mkuu wa Freston, wale madaktari waligundua kwa sababu walikuwa wanamtibu mgonjwa kitandani. Cheo cha halmashauri hakikuwaongezea macho. Hapo sirudi nyuma.

Kwenye nyumba ndipo umenibana, na bora niongeze la maji mwenyewe kabla hujaniwahi. Gharama ya bomba ilibebwa na parokia (si ya kanisa, ni eneo la kijiji la kulipia kodi) ileile inayohudumiwa. Kijiji cha vibarua kikope, kilipe, miaka na miaka. Ruzuku ya serikali kuu kwa maji ya vijijini ilikuja na sheria ya 1934, pauni milioni moja kwa nchi nzima. Kwa hiyo hata mganga wangu huyu asiyeguswa na mtu angeweza kuandika “maji haya hayafai” miaka ishirini mfululizo, na kisima kikabaki palepale kando ya choo. Nani alipe, hilo sijalijibu. Mwenye nalo aendelee.