Ulinganisho: X-Plane 12 au MSFS (Microsoft Flight Simulator) 2024 kwa mazoezi ya kutua na upepo wa ubavuni?

Kipungu_Dar: Wakuu, habari za jioni. Wikiendi hii nanunua simuleta moja, yaani programu ya kuigiza urubani kwenye kompyuta, uwezo wa kuchukua zote mbili sina. Mwakani naanza masomo ya leseni ya rubani binafsi, na ninachotaka kukizoea mapema ni kutua na Cessna 172, ndege ndogo ya mafunzo, upepo ukipiga ubavuni. Ipi upepo wake uko karibu na ukweli?

Mzee_wa_Wilson: Kijana, swali ni nusu. Kompyuta gani? Una pedali za miguu za kuongoza usukani wa mkia, au unaendesha kwa kibodi? Intaneti ni faiba au bando la simu?

FundiHewa: Chukua X-Plane, hayo mengine yatafuata. Inagawa bawa vipande vipande na kukokotoa nguvu ya hewa kwenye kila kipande. Upepo wa kushtukiza ukija kutoka kulia, bawa la kulia linanyanyuka, mkia unasukumwa kushoto, pua inageukia kulia kuufuata upepo. Ndege nyepesi inatakiwa ifanye hivyo hivyo.

Rehema172: FundiHewa, MSFS nayo inakokotoa hewa sehemu nyingi za ndege. Halafu inajua ardhi: upepo unapanda upande mmoja wa mlima na kuporomoka upande wa pili. Pita upande wa Mlima Meru uliokingwa na upepo, weka upepo wa noti 20 (maili 20 za baharini kwa saa), uone Cessna inavyozama hata ukiongeza mafuta. Ila zima usaidizi wa usukani wa mkia kwenye mipangilio. Ukiuacha, programu ndiyo inayotua, miguu yako haijifunzi kitu.

Ngalawa: Mimi X-Plane siiamini. Ukigeuka ukaupa upepo mgongo, ndege lazima ipoteze kasi. Pale haipotezi.

Mzee_wa_Wilson: Ngalawa, hapo X-Plane iko sahihi. Upepo ukiwa thabiti, ndege inakwenda pamoja na hewa, kama mtumbwi unavyokwenda na mkondo. Kipimo cha kasi hakijui upepo unatoka wapi; kinachobadilika ni mwendo juu ya ardhi. Hatari ni upepo kubadilika ghafla, au kupungua unapokaribia ardhi.

Ngalawa: Mbona wengi wameanguka kwenye kona hiyo?

Mzee_wa_Wilson: Ukiwa chini, unaona ardhi inakimbia, unadhani una kasi kubwa, unavuta usukani, kasi ya hewani inaisha. Macho ndiyo yanayodanganya.

Salum_Mombasa: Mimi naongelea vifaa, maana vilinitesa. Nilinunua pedali za mtumba kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni. Kila nikikaribia kutua, pua inacheza kushoto kulia. Nikamwuliza, akanijibu huo ni upepo wa programu, nitazoea. Nikapunguza upepo, bado. Nikaiweka hali ya hewa shwari kabisa, noti sifuri, pua bado inacheza! Nikafungua dirisha la kupima vidhibiti: pedali sijazigusa, mshale unarukaruka wenyewe. Vipimo vya ndani vilikuwa vimelika. Muda wote huo nilikuwa nakanyaga kupambana na upepo usiokuwepo, na fedha hakurudisha. Kipungu, kabla hujalaumu simuleta yoyote, weka upepo sifuri kwanza uone ndege inatulia.

Kipungu_Dar: Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Ni laptop, RAM GB 16, kadi ya picha RTX 3050. Pedali sina, nina joystiki ya kuzungusha, ukiisokota kwa mkono inageuza usukani wa mkia. Intaneti ni bando.

FundiHewa: Bando? Basi MSFS 2024 sahau, inavuta data nyingi wakati unaruka. X-Plane ukishaipakua unaruka bila mtandao, na upepo unaupanga mwenyewe.

Linux_Kigoma: Kwa nini alipe kabisa? Simuleta ya FlightGear ni bure na upepo wa ubavuni unao.

Rehema172: Mandhari yake je?

Linux_Kigoma: Dada, anajifunza kutua, si kutalii.

Salum_Mombasa: Aanze na Zanzibar. Njia yao ya kurukia ni 18/36, yaani inaelekea kusini (18) na kaskazini (36). Kaskazi ikivuma kutoka nyuzi 045 (kaskazini-mashariki) kwa noti 15, ukitua 36 ubavuni unapata karibu noti 11. Unakuja pua imeelekea upepo, kabla ya kugusa unainyoosha kwa mguu na kulaza bawa la upande wa upepo.

Ngalawa: Mwisho wa upepo wa ubavuni kwa 172 si noti 15?

Mzee_wa_Wilson: Hiyo ni kiwango kilichoonyeshwa kwenye majaribio ya kiwanda, si kikomo cha sheria. Mwanafunzi akae chini yake sana, hata kwenye skrini.

Kipungu_Dar: Asanteni. Usiku huu napakua toleo la majaribio la X-Plane. Mzee, shikamoo, joystiki ya kuzungusha itatosha au nisubiri pedali?

Mzee_wa_Wilson: Marahaba. Mkono hauufundishi mguu. Tafuta pedali.

FundiHewa: Mimi nilianza na ya kuzungusha na natua vizuri tu.

Linux_Kigoma: Kuna anayejua fundi wa kutengeneza pedali za mbao?