Kocha mkali au mpole kwa timu ya mtaa?

Katibu_Eastlando: Wakuu, Jumapili kamati inachagua kocha. Wamebaki wawili. Mmoja ni wa kufoka, anataka nidhamu ya kijeshi. Mwenzake mtaratibu, humvuta mchezaji pembeni wakaongea. Tumchukue yupi?

Kipa_Mstaafu: Mko ligi gani? Vijana wa umri gani? Wanalipwa? Mbona watuuliza nusunusu?

Katibu_Eastlando: Ligi ya kaunti. Umri mchanganyiko.

Kipa_Mstaafu: La malipo umeliruka.

Damu_Nyekundu: Mkali! Kocha Ferguson aliwakaba wachezaji wake wa Aberdeen ya Scotland hadi wakaifunga Real Madrid fainali ya Kombe la Washindi la Ulaya 1983. Mpole atapandwa kichwani.

Benchi_la_Ufundi: Ferguson angeweza kukuuza, ndiyo maana ulimeza. Sisi tulimpata wa kufoka. Beki wetu wa kushoto alitoka mjengoni Jumamosi saa saba, saruji bado kwenye kucha, akaingia uwanjani bila kula. Tukafungwa mbili. Mapumziko kocha akapiga teke chupa za maji, akamwita mvivu mbele ya mashabiki. Kijana hakujibu. Alivua jezi, akaikunja vizuri, akampa kapteni, akapanda boda. Mechi iliyofuata walikuja wanane. Sasa utamkata faini wapi mtu usiyemlipa?

Mtoto_wa_Toyoyo: Hata wanaolipwa huchoka. Desemba 2008 kocha Phil Brown aliwakalisha wachezaji wake wa Hull ya Uingereza uwanjani wakati wa mapumziko, wakiwa nyuma 4-0 kwa Manchester City. Zikaisha 5-1.

Damu_Nyekundu: Na hawakushuka daraja!

Mtoto_wa_Toyoyo: Waliponea kwa pointi moja, nafasi ya 17. Hiyo nayo ni ya kujisifia?

Shabiki_wa_Jukwaa: Upole nao una masharti. Ancelotti, kocha mpole, ana Ligi ya Mabingwa tano kama kocha, lakini akiwa na Everton ligi ya Uingereza 2020/21 alimaliza wa 10. Mpole anataka wachezaji wanaojisukuma wenyewe. Wako hao, Katibu?

Katibu_Eastlando: Baadhi. Wengine mazoezini huja wakijisikia.

Benchi_la_Ufundi: Basi walishe. Kocha Ranieri aliwaahidi wachezaji wake wa Leicester piza siku wasiyofungwa bao, na msimu huo wa 2015/16 wakabeba ligi ya Uingereza. Huku chapati madondo inatosha.

Damu_Nyekundu: Chapati za watu ishirini kila wiki? Sisi hata pesa ya refa ni mchango.

Kipa_Mstaafu: Yule wa Jumamosi mngemchangia miwani.

Damu_Nyekundu: Ile penalti ilikuwa halali bwana, mkono ulikuwa juu.

Mtoto_wa_Toyoyo: Mkono gani? Ilimgonga begani, nilikuwa nyuma ya goli!